Kabla hujachagua jukwaa la kujengea programu yako

Vijana wanaoingia kwenye kazi ya kuandika programu huniuliza sana waanzie wapi: Android, iPhone, WhatsApp au M-Pesa? Jibu ambalo wameshalisikia kwingine ni "nenda penye watu". Sikatai, watu ni kivutio kikubwa. Facebook ilipowafungulia wasanidi, yaani watengenezaji wa programu, wa nje jukwaa lake Mei 2007, walimiminika kwa sababu mtu mmoja akianza kutumia programu, marafiki zake walipata habari papo hapo, bila msanidi kulipia tangazo. Lakini kwa niliyoyaona kazini, watu peke yao hawatoshi. Kinachomvuta msanidi, kikamfanya abaki, ni kujua kwamba ataijaribu kazi yake leo na atalipwa bila kuhangaika.

Chukueni mfano wa M-Pesa. Ilianza Kenya mwaka 2007, na muda si mrefu wateja walikuwa tele. Hata hivyo, biashara ndogo zilizouza mtandaoni ziliendelea kumwomba mteja aandike namba ya muamala kutoka kwenye SMS, kisha mtu anakaa kulinganisha namba moja moja. Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, ilipozindua Daraja, huduma ya kuunganisha programu na M-Pesa, mwaka 2017, msanidi aliweza kujisajili mwenyewe mtandaoni, kupata funguo za majaribio na kuanza kujenga. Wateja walikuwa walewale, ila sasa hata mwanafunzi aliye bwenini aliweza kuwafikia.

Kwa hiyo ukitaka kulipima jukwaa, usiishie kwenye matangazo yake. Jenga kitu kimoja kidogo mpaka kifanye kazi. Kwenye Daraja, tuma ombi la malipo, lile linalomtokezea mteja kwenye simu likimtaka aweke PIN. Angalia jibu linaloifikia seva yako, yaani kompyuta inayoendesha programu yako; ndani yake mna namba ya matokeo. Sifuri maana yake amelipa. 1032, amelikataa ombi. 1037, hakupatikana au hakujibu kwa wakati. Halafu jiulize: jibu lisipofika kabisa? Hutokea, na mteja ameshakatwa pesa. Hapo ndipo unapotumia namba ya ombi kuuliza hali ya malipo, badala ya kumwambia mteja alipe upya. Programu nyingi za wanaoanza hazina hatua hii, na mteja aliyelipa mara mbili harudi. Jukwaa linaloeleza wazi mambo kama haya kwenye maelezo yake ni jukwaa linalokuheshimu.

Gharama nazo zisome mapema. Google Play hutoza dola 25 mara moja unapojisajili. Apple hutaka dola 99 kila mwaka. Kamisheni wanayokata kwenye mauzo, iliyozoeleka kwa miaka mingi, ilikuwa asilimia 30, ingawa tangu 2021 wasanidi wadogo wamekuwa wakipata nafuu ya kukatwa asilimia 15 tu. Kinachowapita wengi ni kwamba makato hayo hulenga bidhaa za kidijitali, mathalani somo la video linalofunguliwa ndani ya programu. Ukiuza mayai au usafiri wa bodaboda, malipo yanaweza kupitia M-Pesa. Tofauti hiyo inaweza kuamua kama biashara yako itasimama, kwa hiyo ipigie hesabu kabla hujaandika mstari wa kwanza.

La mwisho linaniuma, kwa sababu nawapenda watu wa kazi hii. Mwenye jukwaa anaweza kubadilisha masharti wakati wowote. Januari 2023 Twitter ilizikatia njia programu za wasanidi wa nje zilizotumika kusomea mtandao huo, na baadhi yao walikuwa wameutumikia kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka huohuo mtandao wa Reddit ulipandisha bei ya API yake, yaani njia ambayo programu za nje huchukulia data zake, na Apollo, programu ya kusomea Reddit iliyopendwa na wengi, ikafungwa mwishoni mwa Juni. Waliojenga walikuwa hodari. Tegemeo lao lilikuwa kwa mwenye jukwaa.

Basi jenga huko kwenye watu, lakini mteja akujue wewe pia. Muombe ridhaa, uhifadhi namba yake ya simu kwenye hifadhidata yako kwa kufuata sheria ya ulinzi wa data, ambayo Kenya tunayo tangu 2019. Sehemu ya msimbo inayozungumza na jukwaa itenge na kazi nyingine zote za programu, ili siku ukilazimika kuhama uguse faili chache tu. Na barua pepe za mabadiliko ya masharti zinapokuja, zisome siku hiyohiyo. Mara nyingi tarehe ya mwisho huwa imeandikwa humo humo.