Kwa nini ujira wa kuchuma karafuu Pemba haukai mahali pamoja

Ndugu uliyeuliza kwa nini wachumaji wa karafuu Pemba hulipwa vizuri msimu mmoja na kidogo msimu mwingine, jibu linaanzia kwenye mti. Mkarafuu uliozaa sana hutumia akiba yake ya wanga, na kwa kuwa maua hutoka kwenye ncha za matawi, msimu unaofuata ncha nyingi huchipua majani tu. Tumba nalo huchumwa linapoanza kuwa jekundu, kabla halijafunguka, la sivyo thamani yake hushuka; hivyo mavuno yakiwa makubwa wenye mashamba wote huwatafuta wachumaji kwa wakati mmoja, na ujira wa kuchuma kila kilo hupanda. Ndiyo maana utafiti wa ujira unaolinganisha misimu miwili pekee hauniridhishi: tofauti unayoiona huenda ni ya msimu mkubwa na mdogo tu.