Muulize Ami: Hivi "/=" Maana Yake Nini?

Mwezi huu barua nyingi ni za pesa, na ajabu si za kukopa, ni za zile alama zake. Nimechagua za Malindi na Watamu.

*Shikamoo Ami. Nina duka hapa Maweni, bei zangu zote naandika hivi, sukari 160/=, unga 180/=, nishazoea. Sasa binti yangu kamaliza kosi ya biashara anasema hiyo ya kizamani, ati niandike KES. Babake anasema yote sawa. Nani ana haki? Na huo mkwaju wenyewe (/) ni wa nini, manake naandika miaka yote sijui. – Mama Duka*

Marahaba mama. Wote wana haki, kila mtu kwa mahali pake.

Huo mkwaju umetoka Uingereza. Zamani pesa yao ilikuwa ngazi tatu, peni 12 ndo shilingi moja na shilingi 20 ndo pauni, na makarani walikuwa wanaandika kwa herufi za mwanzo za majina ya Kilatini, £ kwa pauni, s kwa shilingi na d kwa peni. Ile s ya mkono wa zamani ilikuwa ndefu imenyooka, karani naye ana haraka, mwisho ikabaki mstari tu. Basi 5/6 ikawa shilingi tano na peni sita, na kama peni hakuna unapiga kistari, 5/-, yani hapa hapana kitu na usitie kitu. Wengine kistari wakakipiga mara mbili, na huku kwetu hiyo ndo iliyoshika.

Shilingi ililetwa Afrika Mashariki 1921, baada ya rupia na ile florini iliyokaa muda mfupi tu, lakini ilikuja na senti 100, peni 12 hazikuja. Alama haikubadilika. Kwa hivo ukifukua risiti ya babu ukaona 2/50 usianze kugawanya, hiyo ni shilingi mbili na sumuni. Kenya ikatoa shilingi yake 1966, na cha kuchekesha Waingereza wenyewe waliiacha yao Februari 1971, sisi bado twaipaka ukutani kwa rangi.

Dukani kazi yake kubwa ni kufunga hesabu, ukishaandika 150/= mtu hana nafasi ya kuchomeka sifuri pale nyuma. Lakini angalia mkono wako mama! Mkwaju ukiusimamisha wima unakuwa moja, na 150/= inasomeka 1501. Nimeona daftari la madeni la namna hiyo, mteja anaapa mia na hamsini, mwenye duka anaonyesha elfu moja mia tano na moja, na kila mmoja akiangalia karatasi ile ile anaona yake, mpaka majirani wakaingilia. Ulaze mkwaju, na hivyo vistari viwili vivute virefu vionekane.

Sasa KES ya binti. Hicho ni kifupi cha kibenki cha herufi tatu, mbili za kwanza ni za nchi na ya mwisho ni ya pesa, na kinafaa pale ambapo pesa zinavuka mpaka. Tanzania na Uganda nao huandika /= kama sisi, kwa hivo ukimwagiza mtu vitunguu Tanga akakwambia 5,000/= muulize ya wapi, manake elfu tano ya Tanga na elfu tano ya Malindi hazikutani kwa samaki mmoja. Huko andika KES au TZS. Kwenye kibao cha sukari Maweni, KES ni kujitia benki tu.

Wako pia wanaoandika Ksh 500/=, mbele alama na nyuma alama. Haiharibu kitu lakini mi siipendi, chagua moja. Meseji ya M-Pesa inakuja na Ksh500.00 na hakuna aliyewahi kuuliza ni shilingi ngapi.

*Ami, mi ni fundi rangi. Kuna Mtaliano ana nyumba Casuarina, nilimpa hesabu ya kazi akanirudishia karatasi kaandika 1.500 €. Euro moja na nusu? Si hata brashi sipati! Ananitania? – Fundi, Barani*

Hakutanii, kakupa euro elfu moja na mia tano, kwa hivo punguza hasira kabla hujampigia. Wataliano nukta wanatenga nayo maelfu na mkato wanatenga nao senti, sisi kinyume. Yake 1.500,00 ndo yako 1,500.00. Na kuweka € nyuma ni kawaida yao, ingawa wako wanaoiweka mbele pia, yote sawa.

Hatari iko upande wako sasa. Ukimwandikia rangi ni shilingi 12,500 yeye anaweza kusoma kumi na mbili na nusu. Dawa yake, senti ziache kabisa, na chini yake andika kwa maneno, shilingi elfu kumi na mbili na mia tano tu, na hilo neno "tu" usilisahau. Alafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaulizi, kama bei ni ya euro lakini utalipwa kwa shilingi, mkubaliane mapema ni kwa reti ya siku gani, ya siku mliyoandikiana au ya siku ya malipo, na ni reti ya benki gani. Kazi ya miezi miwili reti inaweza kupanda au kushuka na hapo ndo watu wanaanza kununiana.

Alama ya € yenyewe ilitolewa Desemba 1996, ni epsiloni ya Kigiriki na pia E ya Ulaya, na ile mistari miwili katikati wenyewe wanasema ni ya uthabiti. Noti zilianza kushikwa mkononi tarehe 1 Januari 2002. Kabla ya hapo Wataliano wa Malindi walikuwa wanahesabu kwa lira, na lira zilikuwa na masifuri, waulize wazee waliofanya kazi mahotelini.

*Ami salaam. Nina boti Watamu, ubao wangu umeandikwa safari $30. Juzi mgeni kaniambia yeye anatoa dola za kwao Canada kwa vile ubao haujasema dola gani. Kweli? – Nahodha*

Nahodha, mgeni kakuzidi ujanja lakini ubao ndo uliompa mlango. $ si ya Marekani peke yake, Canada wanaitumia, Australia, Singapore, Namibia, na peso za Mexico na Chile huandikwa kwa alama hiyo hiyo. Wengi wa wataalamu wanasema ilizaliwa kwenye peso, makarani wa miaka ya 1770 walikuwa wanafupisha "ps", p ikapandana na s mpaka p ikabaki kijiti. Dola ya Canada ni ndogo kuliko ya Marekani, kwa hivo hapo ulikuwa unakula hasara. Rudi kwa mchoraji aongeze herufi mbili, US$30, au andika USD 30, na kama unakubali shilingi weka bei ya shilingi pembeni.

*€ kwenye simu yangu haipo. – Msomaji, Shella*

Ipo. Fungua upande wa namba, bonyeza $ (au alama yoyote ya pesa unayoiona hapo) bila kuachia, zitatokea nyingine juu yake, teleza kidole mpaka kwenye €.