Filamu ya zamani kuhusu mume mwenye siri: tafuta Victim

Mkuu, umeuliza ni filamu gani ya zamani iliyothubutu kumwonyesha mume wa mtu anayempenda mwanaume mwenzake, bila kumfanya kichekesho. Tafuta Victim, ya Uingereza, 1961. Dirk Bogarde ni Melville Farr, wakili mwenye jina, ana mke na yuko mbioni kupanda cheo. Kijana aliyekuwa naye karibu anaiba hela kazini ili awalipe watu wanaomtishia kwa picha moja tu: wawili ndani ya gari, kijana analia. Basi. Hakuna busu, hakuna kitanda. Anakamatwa, anajinyonga mahabusu ili asimtaje Farr.

Kumbuka wakati huo sheria iliwapeleka jela wanaume wa aina hiyo. Ilikuja kulegezwa 1967, tena England na Wales tu. Watishiaji walikuwa na soko zuri.

Mimi huirudia ile sehemu mkewe, Laura, anapombana nyumbani mpaka anakiri kwamba alimkwepa yule kijana kwa sababu alimtamani. Upelelezi wenyewe, Farr anapowasaka watishiaji, kusema kweli, umezeeka.