Mdogo wako aanze na mwili wa mwanasesere, nguo zitafuata

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako wa kike, aliyejifundisha mwenyewe kushona wanasesere wa kitenge hapo Sanawari, Arusha, anaweza kuishi kwa kazi hiyo bila cheti. Umeuliza pia kwa nini wateja wanawashika, wanawasifia, halafu wanawarudisha mezani. Mimi nashona wanasesere hapa Moshi kwa miaka mingi na darasa la sanaa sijawahi kulikalia, kwa hiyo nakujibu kwa yale yaliyopita mikononi mwangu.

La cheti nilimalize haraka. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 bila shule ya uchoraji, akitumia rangi za baiskeli juu ya hadibodi kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa vikipatikana. Alifariki 1972, na mpaka leo kuna watu wanasomesha watoto kwa mtindo wake. Wanafunzi wake wa kwanza waliujua kwa kukaa pembeni yake na kutazama. Mnunuzi wa mwanasesere naye haulizi cheti, anaminya tu.

Hapo kwenye kuminya ndipo lilipo swali lako la pili. Kwenye picha ulizoweka vitenge ni vizuri mno, lakini shingo zimelala na makwapa yamejikunja. Wengi wanaojifunza wenyewe huanzia kwenye nguo kwa sababu kitenge kinavutia. Mkono wa mnunuzi lakini unakwenda moja kwa moja kwenye mwili.

Anunue marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, aifue kwanza kwa maji ya moto ili isije ikasinyaa baadaye. Akitaka kuitia rangi ya ngozi mwenyewe, achemshe chai ya rangi au kahawa iliyokolea. Hizo zinaishia kwenye maji ya kunde, hazifiki weusi wetu. Kwa ngozi nyeusi atafute pamba iliyotiwa rangi kiwandani. Naomba asiogope kutengeneza weusi. Watoto wetu wanastahili mwanasesere anayefanana nao, na nimeona jinsi mtoto anavyomkumbatia akimpata.

Mishono iwe midogo, hasa shingoni na makwapani. Kabla ya kugeuza kitambaa, achanje ukingo kwa ncha ya mkasi kila mahali penye pinde, akaribie uzi bila kuugusa. Hiyo mikunjo unayoiona kwenye picha inatokana na kuruka hatua hii.

Kujaza ndiyo kazi yenyewe. Sufi ya msufi ni nyepesi na wengi wetu tumekulia kwenye mito yake, ila kwa mwanasesere inashikana mabonge baada ya muda, na vumbi lake linakaba kifua. Natumia pamba ya nailoni ya kujazia mito. Inachambuliwa kwanza, kisha inaingizwa kidogo kidogo kwa kijiti butu, kuanzia viganja na nyayo kuja juu. Tonge kubwa linaacha uvimbe ambao hautoki tena. Shingoni aviringishe kipande cha marekani kwa kukaza sana, kipite kutoka kifuani hadi katikati ya kichwa, ndipo ajaze kuzunguka. Asitie kijiti cha mti humo ndani, kitatoboa siku moja mtoto akimwangukia. Magotini aache kujaza, apige mshono mlalo, kisha aendelee. Mwanasesere wa hivyo anaketi.

Macho ayatarizi. Vifungo na shanga abakize kwa wanasesere wa mapambo, kwa sababu mtoto mdogo huvinyofoa na kuvimeza. Hata viwango vya Ulaya vya vitu vya kuchezea, EN 71, haviruhusu vipande vidogo vinavyoweza kung'oka kwa watoto wa chini ya miaka 3, na wageni wengi wanaonunua Arusha wanalijua hilo. Nywele ni uzi wa sufu, na hapa ajiachie kabisa: amsuke twende kilioni, ampige mabutu. Nimeona mama mtu mzima akisimama kwa ajili ya nywele tu, akikumbuka alivyosukwa na dada yake.

Sasa nguo. Ashone mtu anayemjua: mama anayeshuka Kibosho na mkungu wa ndizi kichwani, muuza mbogamboga wa soko la Kilombero hapo Arusha, bibi na khanga zake mbili. Akitaka kumvisha Mmasai, aende Soko la Wamasai akae na akina mama wanaotunga shanga, aulize rangi gani inakwenda na ipi, na pambo lipi ni la mwanamke aliyeolewa. Ikiwezekana awanunulie wao pambo lenyewe. Kubandika shanga ovyo ovyo kwenye jina la watu wengine siwezi kukushauri.

Akipenda nyuzi za mgomba, azikaushe sawasawa na azilowanishe kidogo kabla ya kusokota, la sivyo zinakatika. Masika ya Machi hadi Mei zinaota ukungu, kwa hiyo kipindi hicho ashone vitambaa.

Kwenye bei watu wanaumia. Ahesabu vifaa, kisha saa zake. Tuseme vifaa ni shilingi 6,000, na kazi ni saa 8 kwa 1,500 kila saa, yaani 12,000. Hiyo ni 18,000 kabla ya nauli na faida. Anayemwambia auze 10,000 anamwomba afanye sehemu kubwa ya kazi bure. Kuna duka moja lilichukua wanasesere wangu kwa mali kauli, wakauzwa, hela yangu sikuiona. Tangu hapo naandikishiana: idadi, bei, tarehe ya kulipwa, sahihi mbili. Msimu wa wageni ni Juni hadi Oktoba, na tena mwisho wa mwaka, kwa hiyo mzigo wake uwe tayari kabla. Aende pia SIDO, ipo tangu 1973 kwa ajili ya wazalishaji wadogo, aulizie mafunzo na maonyesho.

Cherehani asikimbilie kununua. Mwili mdogo unageuka vizuri zaidi ukishonwa kwa mkono. Nitajie anataka mwanasesere wa urefu gani, nitamchorea vipande vya kukatia na kuviweka hapa hapa.