Kudai fidia ya risasi ya mpira au bomu la machozi: siku za kwanza ndizo zinazoamua

Madai mengi hufia kwenye faili la hospitali. Majeruhi anafika akivuja damu, anaulizwa kimetokea nini, anajibu "nimeumia", na daktari anaandika "jeraha la kitu butu". Miezi baadaye wakili wa serikali atauliza: kitu butu kipi? Jiwe? Ngazi? Kwa hiyo mtajie daktari silaha, saa, mahali na umbali unaoukadiria, na umwombe ayaandike hayo kama ulivyoyasema. Kama ni jicho, omba lipimwe uwezo wa kuona siku hiyohiyo na matokeo yaandikwe, la sivyo utaambiwa lilikuwa bovu tangu zamani.

Jeraha lipigwe picha siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, rula ikiwa pembeni. Piga moja ya karibu na nyingine inayoonyesha uso wako. Risasi ya mpira mara nyingi huacha duara lililopauka katikati na jekundu ukingoni, na alama hiyo haikai.

Ganda la bomu usiliguse likiwa la moto, na ambalo halijalipuka liache hapohapo. Lipige picha lilipoangukia, kisha maandishi ya ubavuni: namba ya toleo, mwaka, hata onyo la kutomlenga mtu, maana mengine huwa nalo. Likihifadhiwa, liwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu. Mkabidhi wakili mapema, mwandikishane. Kuna nchi ambako kukaa nalo ni kosa.

Video ibaki kwenye simu iliyorekodi. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa na ubora unashuka. Mwenye duka lenye kamera mwandikie barua siku ileile, kwani picha za zamani hufutwa na mpya.

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2020 kuhusu silaha za aina hii unataka risasi za mpira zilenge tumbo la chini au miguu, tena kwa mtu anayefanya vurugu za kuhatarisha wengine. Aliyepigwa kichwani ana hoja nzito, nayo iingie kwenye barua ya kwanza kabisa ya madai.

Mali iliyoharibika ipigwe picha kabla ya ukarabati. Makadirio ya fundi yatenganishe vifaa na ufundi. Biashara iliyofungwa huthibitishwa kwa daftari la mauzo ya miezi iliyotangulia. Bila daftari, hasara hiyo ni maneno matupu.

Muda wa kuishtaki serikali mara nyingi ni mfupi kuliko wa kesi za kawaida, tena huanza na notisi ya maandishi. Muulize wakili wiki ya kwanza.

Ukiletewa hati ya malipo ya mwisho, usisaini kabla daktari hajaandika kwamba hali yako imetulia. Jicho lililopigwa linaweza kupata presha miaka kadhaa baadaye, na sahihi yako itakuwa imeshafunga mlango wa kudai matibabu hayo.