Soma Biblia kwa macho yako yote, mdogo wangu

Juzi nilipotangaza kwamba repoti yetu ya samaki imekubaliwa, kijana mmoja wa Ujiji anayesoma bailojia chuo akaniandikia inboksi, "Kaka, kadiri ninavyosoma ndo Biblia inazidi kunipa shida, we unawezaje?" Najibu hapa maana najua mpo wengi.

Kazi yangu ni ziwani hapa Kigoma. Ziwa Tanganyika lina kina karibu mita 1,470, na ukishavuka mita 200 hivi oksijeni hamna, ukivuta chupa ya sampuli kutoka huko ukaifungua inakupiga harufu kama yai bovu, samaki hakai. Sasa jioni umerudi Kibirizi, mikono bado inanuka, unafungua Ayubu 38 Mungu anamuuliza Ayubu kama amewahi kutembea vilindini. Mimi hayo maji nimeyashika na swali lile bado linaninyamazisha. Sayansi haijanipunguzia hofu ya Mungu, imeniongezea.

Halafu Mwanzo 1. Mwanga upo siku ya kwanza, jua linakuja ya nne. Watu wanakimbilia kusema mwandishi amekosea, jamani, hata mchunga kondoo wa kale alijua mchana unaletwa na jua! Ukiona data isiyokaa sawa huitupi, unaangalia mpangilio, siku zinakwenda jozi jozi: siku ya kwanza mwanga, ya nne mianga, ya pili anga na maji, ya tano ndege na samaki, ya tatu nchi kavu, ya sita wanyama na mtu. Amepanga makusudi, anafundisha nani mwenye vyote.

Niliwafundisha hivi vijana wa kanisa fulani nikasimamishwa, eti naleta chuo madhabahuni. Iliniuma na bado inaniuma, maana wale vijana wawili watatu waliokuwa na maswali hawaji tena ibadani. Wazee wangu, Waberoya, wale watu wa Beroya kwenye Matendo ya Mitume, walisifiwa kwa kuyachunguza maandiko kila siku, kwa nini sisi tunawafukuza wanaochunguza? Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, ndo aliandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, akabaki padri mpaka kufa, na hakutaka nadharia yake igeuzwe kuwa ushahidi wa Mwanzo. Kila kitu na mahali pake.

Kwa hiyo mdogo wangu usichague, soma vyote, na usome taratibu. Anza na Ayubu 38 mpaka 41, kila mnyama anayetajwa, kunguru, mbuni, tai, mtafute kwenye vitabu vyako vya bailojia kabla hujaenda mstari unaofuata. Mwanzo utaifikia baadaye.