Sato dume kwenye bwawa la mfongo

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina bwawa la samaki Machame, Kilimanjaro, napata maji ya mfongo (mfereji wetu wa asili wa kumwagilia) na yanayozidi yanaishia mto Kikafu. Ndani kuna perege wa kienyeji, wanazaana mno na hawakui. Nimeshauriwa ninunue vifaranga vya sato, dume watupu. Nikiwachanganya kuna shida? Si dume hawawezi kuzaana?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Dume peke yao hawazaani, ni kweli. Lakini wewe tayari una majike wa perege humo bwawani, na sato, ambaye ni jamaa yao wa karibu, dume wake huwapanda bila shida. Watakaozaliwa ni machotara wenye uwezo wa kuzaa, kwa hiyo msongamano utarudi palepale. Usiwachanganye.

Kinachonihangaisha zaidi ni mkondo wako wa kutolea maji. Kikafu inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni mto Pangani hadi baharini. Bonde hili lina perege wake wa asili. Yule wa Ziwa Jipe na mto Pangani hana makao mengine ya asili duniani. Sato dume mmoja akitoroka, huko chini atakutana na majike wa kienyeji. Kanda ya Ziwa wamekwishayaona haya: sato alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na ngege, jamaa wa perege aliyekuwa wa asili humo, aliyebanwa pia na sangara na uvuvi, karibu atoweke kabisa humo.

Halafu, vifaranga vinavyouzwa kuwa dume watupu mara nyingi huwa na majike wachache. Wakifika gramu 30 hivi, kagua mmoja mmoja. Lowanisha kiganja, mlaze chali, tazama mbele ya pezi la chini karibu na mkia. Dume ana matundu mawili, la haja kubwa na moja kwenye kichuchu kilichochongoka. Jike ana matatu, na la katikati ni kama mkato mdogo wa kulala. Ukipaka rangi ya chakula kidogo yanaonekana vizuri. Ukitaka kujua kama ni sato kweli, tandaza pezi la mkia: lina mistari myembamba iliyosimama, imepangana toka shina hadi ncha.

Kama umeamua kufuga sato, kausha bwawa kabisa, liache lipigwe jua mpaka tope lipasuke, kwa sababu perege hubaki hai kwenye vidimbwi vidogo. Funga wavu wa tundu dogo mahali maji yanapoingia na yanapotokea, uusafishe kila siku. Majani yakiziba, maji hupita juu ya tuta pamoja na samaki. Kabla ya masika, tuta liwe juu ya maji kwa sentimita 30 au zaidi. Na maji yanayozidi yaelekeze kwenye migomba ya kihamba chako (shamba la nyumbani), yaishie ardhini. Yana mbolea nzuri, migomba itakushukuru.

Kama kihamba hakiwezi kuyapokea na lazima yarudi Kikafu, kwa maoni yangu usilete sato. Baki na perege wako: chagua dume kwa njia hiyohiyo, uwafuge peke yao, majike uwauze au uwapike nyumbani. Watakua. Kwa vyovyote, muone afisa uvuvi wa halmashauri kabla hujalipia kifaranga hata kimoja.